Masoko, Nyos na maji yasiyo na pa kwenda

Nikimpeleka mgeni ziwa Masoko, huku kwetu Rungwe mkoani Mbeya, swali la kwanza huwa ni lile lile, sasa mlima uko wapi? Maana mmetoka Tukuyu mjini, mmeshuka na barabara ya kwenda Ipinda, migomba kushoto migomba kulia, na yeye ameshaambiwa anaenda kuona kreta, yani tundu la volkano, na kichwani kwake kreta ni kitu cha kupanda, amekuja na mabuti na maji lita mbili kabisa, afu gari inasimama pembeni ya barabara anaambiwa tumefika. Ziwa liko pale chini, duara, miti imelizunguka, na juu yake hakuna mlima wowote. Mlima Rungwe upo, mkubwa tu, lakini uko kule nyuma tulikotoka na hili ziwa siyo tundu lake.

Jibu ni kwamba mlima haukuwahi kuwepo. Pale lilitokea shimo tu, moja kwa moja, kwenye ardhi ya kawaida.

Mi nimekulia huku na shuleni tulifundishwa volkano kwa mchoro mmoja, ule wa pembetatu yenye bomba katikati na lava inashuka pembeni, kwa hiyo ilinichukua muda kuelewa kwamba kuna volkano ambayo kazi yake yote ni kutoboa. Inaenda hivi. Magma, yani mwamba ulioyeyuka, inapanda toka chini, na ukanda wetu wa Rungwe uko pale ambapo bonde la ufa limepasuka pande kadhaa kwa hiyo njia za kupandia zipo za kutosha. Zingine zilifika juu zikamwagika, zikalala juu ya zilizotangulia, baada ya miaka mingi mlima huo hapo. Ile ya Masoko kabla haijafika juu ikakutana na maji ya ardhini, haya haya tunayoyafuata tukichimba visima. Magma ina joto la nyuzi kama 1,000 na zaidi. Maji yakigeuka mvuke kwenye presha ya kawaida yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na huko chini nafasi hiyo haipo, sasa kama mvuke hauwezi kukaa na hauwezi kurudi kinachoondoka ni mwamba wa juu. Unapasuka na kurushwa hewani vipande vipande. Shimo linabaki wazi, magma bado inapanda, maji bado yanaingia toka pembeni, inapiga tena, na tena, kila pigo linaweza kuchimba chini zaidi ya lile lililopita. Watu wanadhani ni mlipuko mmoja kumbe ni mfululizo, inaweza kuwa siku, inaweza kuwa wiki.

Vilivyorushwa vinaangukia pembeni na kutengeneza ukingo, siyo mrefu, ndio maana ukiwa mbali huoni kitu. Kwenye mashimo ya aina hii ukikuta mahali watu wamekata udongo wa ukingo angalia vizuri, utaona tabaka juu ya tabaka, majivu laini, kokoto, majivu tena, na katikati yake mawe ya kawaida kabisa ya eneo lile ambayo hayajawahi kuwa lava maishani mwake, ni mwamba wa zamani uliokuwa umelala chini ukang'olewa na mvuke. Yani kiasi kikubwa cha kilichotoka shimoni siyo vitu vya volkano, ni ardhi yenyewe. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye stori nzima na ndiyo sehemu ambayo wageni wangu huwa wanaisikiliza nusu wakiendelea kupiga selfi.

Kama unaona natunga, Alaska ilitokea mwaka 1977 na watu wakaiona. Sehemu inaitwa Ukinrek, hakukuwa na mlima wa volkano pale, hakukuwa na ziwa, mwishoni mwa mwezi wa tatu ardhi ikaanza kulipuka na ndani ya siku kama 10 yakawa yamefunguka mashimo mawili. Lile kubwa lina upana wa mita 300 hivi na kina cha mita 70. Maji yakaingia, ziwa likapatikana. Wajerumani nao wanayo mengi kwenye milima ya Eifel, na jina la kitaalamu, maari, limetoka huko kwao, ukikuta mjiolojia anasema maari ya Masoko ujue anaongelea hiki hiki.

Ngosi ni habari nyingine naomba tusichanganye, maana kila mtu akisema ziwa la kreta Mbeya anamaanisha Ngosi. Ngosi ulikuwa mlima, ukatoa vitu vingi kwa mpigo mpaka chumba cha magma chini kikabaki tupu na juu pakadidimia. Ndio maana Ngosi unapanda msitu, unashika mizizi, jasho linakutoka, afu unafika ukingoni unaangalia maji huko chini kabisa. Wanasema lina umbo la ramani ya Afrika. Mi nimesimama pale nimeona ziwa, labda hiyo ramani inaonekana ukiwa kwenye ndege. Ni zuri sana, sina ugomvi nalo, ila limeshapata sifa zake na leo siyo zamu yake. Vile vidogo vilivyotawanyika kusini ndiyo ninavyovisemea, Masoko (wengine wanaliita Kisiba), Kingiri, Ilamba, Ikapu, Itamba, kuna mtu amezaliwa Mbeya mjini akakulia hapo na hajawahi kusikia hata nusu yake.

Sasa ishu ninayotaka kuisema kuhusu haya mashimo ni moja. Halikuchimbwa na mto kwa hiyo halina mto. Masoko hakuna mto unaoingia na hakuna unaotoka. Maji yanaingia kwa mvua, na mvua za Tukuyu mnazijua wenyewe, na mengine yanaingia chini kwa chini, yanapungua kwa jua na kwa kunywea chini kwa chini tena. Basi. Ukiutupia kitu mto Kiwira kesho kiko Kyela. Masoko ukilitupia kitu kiko Masoko. Ukielewa hilo tu umeelewa karibu kila jambo la ajabu unalosikia kuhusu maziwa ya aina hii, kuanzia samaki mpaka vifo.

Wenyeji wanalielewa kuliko mtu yeyote maana stori yao kubwa ni ya kutupa vitu. Pale juu ya ziwa kuna jengo la mawe la Wajerumani la kabla ya vita ya kwanza, lilikuwa boma la askari, baadae likaja kuwa mahakama. Inasimuliwa kwamba Wajerumani walipoona Waingereza wanakuja walitupa ziwani silaha na hela za dhahabu ili adui asizikute. Kila mtu ana toleo lake, kuna wa masanduku, kuna wa mizinga, kuna wa chuma kizito ambacho wapiga mbizi walikishika kikawaponyoka. Siku moja nilimkuta mzee amekaa karibu na njia nikamsalimia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kutafuta hela za Mjerumani?"

"Hapana babu, nimekuja kuangalia samaki."

Akanitazama vizuri. "Samaki? Wa humu wadogo hawa. Kitoweo kanunue Kyela huko."

Na kwa upande wa kitoweo ana haki, mi mwenyewe samaki wangu nanunua wa Kyela. Ila hao wadogo wamefika mpaka kwenye jarida la Science mwaka 2015, na hii stori ngoja niikalie kidogo maana nikiwasimulia watu wa nyumbani wananiambia we nae.

Ni samaki wa ukoo mmoja na perege, jina lake la kitaalamu Astatotilapia calliptera, yuko kwenye mito na vijito vya huku na kwenye maji mafupi ya ziwa Nyasa, wa kawaida tu. Shimo la Masoko lina umri wa miaka kama 50,000. Kwa namna fulani, miaka kama 10,000 iliyopita kwa makadirio, wachache wakaingia. Labda mafuriko, labda ndege, labda mtu. Wakazaliana humo. Ziwa lenyewe lina upana wa mita kama 700, yani ukiwa na baiskeli na kungekuwa na njia nzuri unalizunguka bila kuchoka, na kina kama mita 38. Watafiti wa Uingereza na wenzao wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, wakagundua kwamba humo ndani siku hizi kuna samaki wa aina mbili wanaotokana na mababu wale wale. Wa pembeni kwenye mwanga madume yake ni ya njano, yanafanana na ndugu zao wa mtoni, wanakula vijidudu vya ufukweni. Wa chini, kuanzia mita 20 hivi kushuka, ambako mwanga umebaki kidogo sana, madume ni ya bluu iliyokolea, mwili na taya vimebadilika, na chakula chao ni vile viumbe vidogo vidogo vinavyoelea majini. Wakachukua samaki 146 wakasoma vinasaba vyao vyote, wakakuta sehemu 98 ambako tofauti kati ya makundi mawili imejikusanya wakati kwingine kote wanakaribia kulingana, na kati ya hizo sehemu kuna jeni ya rodopsini, inayohusika na jicho kuona kwenye mwanga hafifu.

Hakuna ukuta kati yao. Wa njano akiamua kushuka anashuka, ni mita 20 tu. Samaki wa mtoni akibanwa hapa anahamia pale, kuna kijito kingine, kuna bwawa, kuna Nyasa nzima. Hawa wamefungiwa kwenye duara la mita 700 na njia pekee ya kupunguza ushindani ilikuwa kwenda chini, waliokwenda chini wakahitaji macho mengine, na ukishaona tofauti hata mwenza unachagua tofauti. Bado hawajaachana kabisa, wanachanganyika kidogo kidogo, na ndicho kilichowavutia wataalamu maana kwenye ziwa Nyasa kuna mamia ya spishi za ukoo huu ambao walishaachana zamani na huwezi tena kuona ilianzaje. Masoko unaiona ikiwa katikati. Kwa hiyo babu yangu wa pale njiani, ndaga fijo kwa ushauri wa kitoweo, lakini hao wadogo wanatazamwa na watu wa mbali sana.

Na tope pia halitoki. Kila kinachoanguka, majani, vumbi, majivu ya Rungwe na wenzake kila walipolipuka, kinatua chini na kulala kwa mpangilio, cha jana juu ya cha juzi. Wafaransa walitoboa tope la Masoko wakapata kumbukumbu ya miaka kama 45,000, unaona humo vipindi vya mvua nyingi na vipindi vya ukame kama umefungua daftari. Ziwa Chala kule mpakani na Kenya, chini ya Kilimanjaro, ndiyo balaa zaidi, mwaka 2016 walitoa nguzo ya tope ya zaidi ya mita 200, inarudi nyuma miaka kama 250,000. Sehemu nyingi Afrika kumbukumbu ya hali ya hewa ya umri huo imeshafagiliwa na mito na upepo.

Au chumvi. Uganda magharibi, kuanzia Fort Portal kushuka mpaka Kasese na Bunyaruguru, kuna mashimo ya namna hii mengi mpaka yanagusana, mengine yana maji matamu na misitu mizuri (ile noti yao ya 20,000 ina picha ya ziwa Nyinambuga, ni la huko), mengine ni makavu, na Katwe ni la chumvi. Kule ni kukavu zaidi, jua linanyonya maji kuliko mvua inavyorudisha, chumvi ya chemchemi inaingia na haina njia ya kutoka, basi watu wameivuna kwa miaka mamia. Wanaume wanaingia mpaka kiunoni kuvunja mabamba ya chumvi chini, pembeni kuna vijibwawa vya kukaushia. Miaka ya nyuma kilijengwa na kiwanda cha kisasa kabisa pale. Chumvi ikala mabomba yake, kiwanda kikafa, jembe na mikono vinaendelea na kazi mpaka leo.

Sasa tuje kwenye gesi, maana najua kuna watu wameshaniandikia kuhusu ziwa Nyos kabla sijafika.

Kameruni, kaskazini magharibi, tarehe 21 Agosti 1986, siku ya Alhamisi. Ilikuwa siku ya soko, watu wamerudi, wamekula, wengine wameshalala. Kama saa tatu usiku sauti ya muungurumo ikasikika toka ziwa Nyos, ambalo ni shimo la mlipuko kama haya yetu, changa tu, linakadiriwa miaka mia kadhaa. Halafu kimya. Usiku huo walikufa watu 1,746 na mifugo kama 3,500, wa karibu kabisa na ziwa na wa mbali mpaka kilomita 25. Nyumba zilisimama vile vile. Migomba na mahindi yalikuwa sawa. Watu walikutwa vitandani, mlangoni, njiani, na waliosalimika wengine walizimia saa nyingi wakaamka asubuhi wakawakuta watoto wao hawaamki. Taa za mafuta zilikuwa zimezimika na mafuta bado yamo. Na ziwa, ambalo kila mtu alilijua ni la bluu, lilikuwa jekundu.

Wa kwanza kufika walidhani volkano imelipuka, au kuna sumu imemwagwa. Ila hakukuwa na majivu, hakukuwa na lava, maji hayakuwa ya moto. Na siyo mara ya kwanza, miaka miwili nyuma, Agosti 1984, ziwa Monoun hapo hapo Kameruni lilishaua watu 37 alfajiri, na mtaalamu mmoja wa Iceland, Haraldur Sigurdsson, alienda kulichunguza akasema gesi imetoka ndani ya ziwa lenyewe. Ziwa kuua watu kwa pumzi yake, nani angeamini kipindi hicho.

Kilichotokea ni hiki. Magma ya chini iko mbali na imetulia, lakini inaendelea kutoa kabonidioksaidi, gesi inapanda kwenye nyufa, inakutana na maji ya ardhini, inayeyuka humo, na hayo maji yanaingia ziwani kwa chini. Nyos ina kina cha mita 208. Kwa kina hicho presha ni kubwa, na maji yakiwa kwenye presha yanabeba gesi nyingi sana bila kuonyesha dalili, hakuna povu, hakuna harufu, juu pazuri watu wanachota maji. Ulaya ziwa linapoa wakati wa baridi, maji ya juu yanakuwa mazito yanashuka, ya chini yanapanda, linajigeuza na gesi inatoka kidogo kidogo. Huku kwetu joto ni lile lile mwaka mzima, ya juu ni ya vuguvugu na mepesi, ya chini ni ya baridi na mazito, kila moja linakaa sehemu yake, na hakuna mto wa kuja kuyavuruga. Gesi inaingia na haitoki, mwaka baada ya mwaka.

Siku ikitokea maji ya chini yamesukumwa kupanda kidogo, iwe kwa mporomoko wa mawe iwe kwa upepo na mvua, hapo wataalamu wanabishana mpaka leo, presha inapungua na gesi inaanza kutoka. Mapovu yanabeba maji juu, yakipanda presha inapungua zaidi, gesi zaidi inatoka, hakuna tena wa kuisimamisha. Ni soda uliyoitikisa ukaifungua. Na chuma kilichokuwa kimeyeyuka kule chini kikakutana na hewa kikawa kutu, ndio ule wekundu. Gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hivi, kwa hiyo ilivyotoka haikupaa, ilishuka na mabonde usiku kama maji yanavyoshuka, ikapita kijiji cha Nyos, Cha, Subum, ikasukuma hewa ya kupumua ikakaa yenyewe. Waliokuwa wamejenga kwenye vilima wengi walipona.

Dawa yake ilikuwa rahisi mpaka inashangaza. Mwaka 2001 Wafaransa wakiongozwa na Michel Halbwachs waliweka bomba moja la wima toka juu mpaka karibu na sakafu ya ziwa. Unapampu mwanzo tu. Maji ya chini yakishaanza kupanda ndani ya bomba gesi yake inatoka, inayafanya mepesi, yanajivuta yenyewe, unazima pampu unaondoka. Lilirusha maji mita kama 50 juu, bila umeme, mchana na usiku, yani ile ile tabia iliyoua watu wameifungia kwenye bomba. Mwaka 2011 wakaongeza mawili. Monoun nalo likawekewa yake.

Na gesi hiyo huku Rungwe siyo hadithi ya Kameruni, tunayo. Upande wa mlima Kyejo inatoka ardhini ya kutosha kiasi kwamba kampuni ya TOL inaivuna na kuiuza, na wateja wakubwa ni watengeneza vinywaji, kwa hiyo soda unayokunywa Dar mapovu yake yanaweza yakawa yametoka chini ya Kyejo. Sehemu zenye matundu yake utakuta ndege wamekufa, panzi wamekufa, wachungaji wanajua wasipitishe wanyama hapo. Ndugu zetu wa Goma na Gisenyi, kando ya ziwa Kivu, wanaijua hii vizuri zaidi, wanaiita mazuku, inaua mbuzi na inaua watoto kwenye mabonde madogo hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo. Kivu lenyewe siyo shimo la mlipuko, ni ziwa la ufa, lakini limebeba gesi nyingi kuliko Nyos kwa mbali sana, kabonidioksaidi na methani, na Rwanda wanavuta hiyo methani wanazalisha umeme. Kivu linahitaji andiko lake siku nyingine.

Kwa hiyo swali linalofuata, na mama yangu ndiye aliyeniuliza wa kwanza nilipomsimulia Nyos kwenye simu, Masoko je? Mi nilimjibu hivi, mama, angalia kina. Maji yanabeba gesi kulingana na presha, na presha inategemea umeshuka mita ngapi. Chini kabisa ya Nyos ni karibu mara 21 ya presha ya juu. Chini ya Masoko, mita 38, haifiki hata mara 5. Hata ukitaka kulijaza kwa makusudi, lita moja ya Masoko haiwezi kubeba hata robo ya inachobeba lita moja ya chini ya Nyos, na ziwa lenyewe ni dogo zaidi. Na kuna samaki wa bluu wanaoishi kule mita 20 na 30, samaki wanahitaji oksijeni, maji yaliyoshiba kabonidioksaidi hawakai. Akaniuliza na Ngosi? Ngosi ni refu zaidi, mita 70 na kitu, kuna joto la ardhini chini yake mpaka wameanza habari za kutafuta umeme, hilo nataka lipimwe mara kwa mara na mtu mwenye vifaa. Kwenye kushuka mpaka majini na kukaa kwenye kona zilizojificha siku isiyo na upepo mi mwenyewe huwa sikai muda mrefu. Akasema basi usiende. Nikamwambia sawa mama, na mwezi uliofuata nilikwenda, kwa hiyo kama anasoma hapa, shikamoo mama.

Kitu kinachoniudhi kidogo ni vile tunavyoyatangaza haya maziwa. Ukimuuliza mtu wa utalii Masoko kuna nini atakuambia dhahabu ya Mjerumani, na hiyo stori ni tamu sikatai, ila samaki wanaobadilika macho yao humo humo hakuna anayewataja, na mwanafunzi wa sekondari ya pale jirani anasoma badiliko la viumbe kwa mfano wa ndege wa visiwa vya Galápagos wakati mfano uko nyuma ya mahakama. Jingine, watu wanapenda kupandikiza samaki, eti humu wadogo tulete sato wakubwa. Kwenye mto samaki mgeni akileta shida labda ataenda zake. Kwenye shimo akishaingia ameingia, na duara la mita 700 hao wa njano na wa bluu watakimbilia wapi.

Ukitaka kwenda, usafiri wa Tukuyu kwenda Ipinda unapita pale, mwambie konda akushushe ziwani. Nenda asubuhi kabla mvua haijaanza, na ukifika usilitazame ziwa tu, geuka utazame na ukingo uliosimama juu yake. Mi safari inayofuata nataka Kingiri, nalo wamelifanyia utafiti wa samaki na nasikia ukingo wake unashuka vibaya. Mwenye kuijua njia ya huko kipindi hiki cha mvua aniambie, maana bodaboda wa Ipinda wananipa bei ambazo hazieleweki kabisa.